Mapenzi huvuka tabaka, hayavuki dharau

Mazungumzo haya yalitangazwa redioni Jumapili jioni. Tunayachapa kwa ajili ya wasomaji ambao hawakuyasikia.

Kama chakula cha jioni bado kiko mezani, endelea kula. Mdomo na masikio havijawahi kugombana.

Juma hili nimepokea barua iliyoandikwa kwa penseli ya useremala, ile bapa, ya rangi nyekundu. Mwandishi wake ni fundi wa Keko, hapa Dar es Salaam, mwenye umri wa miaka 31. Jina lake nimelihifadhi kama alivyoomba. Anasema miaka miwili iliyopita alipata oda ya kabati kutoka kwa familia moja ya Mbezi Beach. Aliyekuwa akiifuatilia kazi hiyo ni binti wa nyumba ile, mhasibu mwenye shahada yake. Kabati lilichelewa, kama ilivyo desturi ya mafundi wetu. Katika kwenda na kurudi kudai kabati, wawili hao wakazoeana, na mazoea yakazaa mapenzi.

Sasa wanataka kuoana. Binti yuko tayari. Mama wa binti anasitasita. Baba amesema sentensi moja tu, na sentensi hiyo ndiyo iliyomfanya fundi wetu ashike penseli: "Mwanangu hawezi kulala kwenye maranda."

Fundi anauliza maswali mawili. La kwanza: je, mapenzi peke yake yanatosha kuziba pengo la tabaka? La pili ameliweka mwisho kabisa wa barua, kama mtu anayeona haya: je, auze mashine yake ya kuranda mbao, aliyoinunua kwa akiba ya miaka minne, ili apate fedha za kufanya harusi ya ukumbini inayolingana na hadhi ya wakwe?

Nitaanza na la kwanza. Lakini usizime redio, maana la pili ndilo zito.

Ndugu msikilizaji, ukilipeleka swali la fundi kijiweni, vijana watakujibu upesi kwamba mapenzi hayana macho, mambo mengine yatajipa. Ukilipeleka kwa wazee, watakuuliza: mtakula mapenzi? Majibu yote mawili nimeyasikia tangu nikiwa mtoto, na yote mawili yana kasoro moja. Yanadhani kwamba tofauti ya tabaka ni tofauti ya fedha tu. Ingekuwa ni fedha tu, kazi ingekuwa nyepesi, kwa sababu fedha huja na kuondoka. Kinachobaki ni mazoea.

Chukua mfano wa sokoni. Mtu aliyelelewa kwa mshahara wa mwezi amezoea kununua mchele kwa gunia na mafuta kwa dumu, na kuandika bajeti kwenye daftari. Aliyelelewa kwa riziki ya siku hununua unga nusu kilo, mafuta ya kupima na mkaa wa kopo. Si kwamba hajui hesabu. Anajua fika kwamba kwa mwaka mzima analipa zaidi kuliko mwenye gunia. Lakini fedha yake haipati nafasi ya kulala, inaingia asubuhi na kutoka jioni. Waweke watu hawa wawili katika nyumba moja. Mmoja atamwona mwenzake mbadhirifu, na mwingine atamwona mwenzake bahili. Hakuna aliyekosa kupenda. Kila mmoja anafanya kile alichomwona mama yake akifanya.

Chukua na mfano wa ndugu. Katika nyumba yenye nafasi, mtoto husomeshwa na baba yake na jambo likaishia hapo. Katika nyumba ya kubahatisha, mtoto husomeshwa na shangazi, na mjomba, na jirani, na wakati mwingine mwenye duka aliyekubali kukopesha daftari. Mtoto huyo akipata kazi, mshahara wake una wenyewe kabla haujafika benki. Mwenzake aliyetoka upande wa pili huona ndugu wanaomiminika. Yeye huona madeni ya heshima ambayo hayakuandikwa popote.

Mambo haya hayakuanza leo. Hapa pwani tuna neno la zamani, kufu, maana yake mtu anayelingana nawe kwa kuoana. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, yaliyoenea zaidi katika mwambao wetu, wameizungumzia kufu katika mambo kama nasaba, kazi na uchaji wa dini. Hata hivyo hawakusema kwamba pasipo kufu hakuna ndoa. Binti na walii wake wakiridhia, ndoa inafungwa. Kwa maneno mengine, wazee wetu waliiona hatari, lakini mlango hawakuupigilia misumari.

Wapo waliopita mlango mwingine kabisa. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, alimpenda mfanyabiashara wa Kijerumani aliyeitwa Heinrich Ruete. Mwaka 1866 akatoroka kisiwani kwa meli ya kivita ya Waingereza, na mwaka uliofuata wakaoana huko Aden, kisha wakaenda Hamburg. Ni kweli kwamba pale palikuwa na tofauti ya dini na ya taifa pia, si ya daraja peke yake. Lakini tazama yaliyofuata. Mwaka 1870 mumewe alifariki kwa ajali ya tramu, akamwacha ugenini na watoto watatu wadogo. Kwa miaka mingi baadaye alidai urithi wake Zanzibar, na kaka yake Seyyid Barghash hakumfungulia mlango. Kati ya mume na mke mapenzi hayakushindwa. Kilichovunjika ni kamba ya ndugu, na siku mume alipoondoka, mjane hakuwa na pa kushika.

Hilo ndilo fundisho la kwanza, ndugu msikilizaji. Mapenzi ni ya watu wawili, lakini tabaka ni la ukoo. Ndiyo maana mara nyingi ndoa za namna hii hazivunjikii chumbani. Huvunjikia sebuleni, siku ndugu walipokuja.

Katika nchi yetu palikuwa na wakati tulijaribu kulipunguza pengo hili kwa siasa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili au kujenga nyumba za kupangisha. Shule za serikali za bweni zilimlaza mtoto wa mkurugenzi na mtoto wa mkulima katika bweni moja, wakila ugali na maharage yale yale. Jeshi la Kujenga Taifa liliwakimbiza mchakamchaka pamoja. Kaka zetu na dada zetu wengi walipata wachumba huko, na hakuna aliyeuliza nyumba ya kina fulani ina vyumba vingapi. Lakini masharti ya viongozi yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991, na mafunzo ya JKT yalisitishwa mwaka 1994 hadi yaliporudishwa mwaka 2013. Siku hizi mtoto wa Masaki anasoma shule ya kulipia, na mtoto wa Mbagala anasoma shule ya kata. Wanakutana lini? Wanakutana pale mmoja anapomtengenezea mwenzake kabati. Ndivyo alivyokutana fundi wetu na mchumba wake: mmoja akiwa mteja, mwingine akiwa anadaiwa kazi. Si vibaya. Lakini ni mwanzo unaohitaji uangalifu, kwa maana anayelipa huzoea kuagiza, na anayelipwa huzoea kuitikia.

Sasa, ndugu msikilizaji, nitasema jambo ambalo katika miaka yangu yote mbele ya kipaza sauti sijalisema. Nimemwomba ruhusa mke wangu, naye amenipa.

Mimi ni mtoto wa muuza samaki. Mama yangu alikaanga samaki kando ya barabara, Mbagala, tangu nikiwa sijaanza shule. Stashahada yangu ya uandishi wa habari ililipwa na upatu wa wanawake wanane waliokuwa wakikaanga pamoja naye. Zamu ya Mama ilipofika alipokea, na wawili kati yao wakampa na zamu zao ili ada itimie. Nilisoma kwa fedha iliyonuka samaki, na sikuwa na hiari ya kuichagua harufu yake.

Mke wangu ametoka upande mwingine. Baba yake alikuwa ofisa mwandamizi serikalini, nyumba yao iko Upanga. Tulipendana tukiwa vijana, na nilipopeleka posa, mzee yule hakunikataa. Alimtuma mshenga aniulize jambo moja tu: "Mwanangu akiugua usiku huko Mbagala, utampeleka hospitali kwa nini?" Niliudhika kwa miezi. Niliona ananipima mfuko. Leo nina binti, na ninaelewa kwamba mzee hakuwa na dharau, alikuwa na hofu.

Dharau ilikuwa kwangu. Mshenga alipoulizwa kazi ya mama mzazi wa kijana, nilikuwa nimemfundisha ajibu: "Ni mfanyabiashara." Huo haukuwa uongo, lakini hata ukweli haukuwa. Siku ya harusi niliwaalika wakubwa wa kazini na marafiki wa chuoni. Wanawake wanane wa upatu sikuwapelekea kadi. Nilijiambia kwamba ukumbi haukuwa na nafasi. Mama alikaa meza ya mbele amevaa gauni la kuazima, hakusema kitu.

Baada ya harusi, Mama aliacha kuja kwetu. Kila nilipomwuliza alisema kazi ni nyingi. Miaka miwili ilipita hivyo. Mke wangu akaamini kwamba mkwewe hampendi, na Mama akaamini kwamba mkwewe anaona kinyaa. Mimi nilikuwa katikati, najua, nimenyamaza. Nyumba ikaanza kuwa na ubaridi. Tukawa tunagombana kwa chumvi, kwa ufunguo, kwa shati lisilopigwa pasi. Ikafika mahali mke wangu akawa anahesabu nguo zake kwenye sanduku.

Siku moja nilipokuwa zamu ya jioni studio, Mama alikuja na samaki wamefungwa kwenye gazeti. Mke wangu aliporudi kutoka kazini alimkuta ameketi uani, juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akamwuliza, "Mama, mbona umekaa huku nyuma na sebule iko wazi?" Mama akamjibu, "Mwanangu alinieleza kwamba wageni wenu hawapendi harufu ya samaki."

Niliporudi saa nne usiku, mke wangu alikuwa bado amekaa mezani. Hakupiga kelele. Alisema, "Mimi sikukuomba unifichie mama. Umenivika dharau ambayo sina, na mkwe wangu amenichukia miaka miwili kwa kosa lako." Ndugu msikilizaji, sikuwa na jibu, wala sina jibu hadi leo. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Mimi nilikuwa mtumwa katika nyumba ambayo hakuna aliyenifunga.

Jumamosi iliyofuata mke wangu alitaka nimpeleke kwenye kikaango. Sitaki kukudanganya kwamba mambo yalinyooka siku hiyo. Wale wanawake walimtazama viatu, wakamcheka namna alivyoshika kisu cha kuparua magamba, wakamwita mke wa mtangazaji hadi machozi yakamlengalenga. Lakini alirudi Jumamosi nyingine, na nyingine. Mwaka ule ule akaingia kwenye upatu wao. Mama alipougua, yeye na wanawake wale ndio waliopokezana kulala naye wodini, na baba mkwe wangu ndiye aliyekuwa akimpeleka hospitali kwa gari lake. Swali lake la zamani lilijibiwa na yeye mwenyewe.

Je, tofauti zetu zimekwisha? La hasha. Mwisho wa mwezi mke wangu bado anafungua daftari, na mimi bado natoa fedha kwa ndugu kabla sijaandika. Bado tunagombana. Ila sasa tunagombania fedha, hatugombanii utu, na magomvi ya fedha yana mwisho.

Hapo ndipo jibu langu kwa swali la kwanza la fundi lilipo. Ndiyo, mapenzi yanaweza kuvuka tabaka. Nimeona, tena nyumbani kwangu. Kitu ambacho hayawezi kuvuka ni dharau. Na usidhani dharau huingia kwa mlango wa mwenye nacho peke yake. Asiye nacho anaweza kuileta yeye mwenyewe, kwa kuwaonea haya waliomlea, au kwa kumshuku mwenzake katika kila neno, au kwa kumgeuza mkwe kuwa benki.

Sasa niruhusu niseme na kila mmoja wao.

Baba wa binti, shikamoo mzee. Hofu yako naiheshimu. Lakini Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema ndoa ni muungano wa hiari, na binti yako mhasibu si mtoto. Sheria hiyo hiyo inamtaka mume ampe mkewe malazi, mavazi na chakula kwa kadiri ya uwezo wake na hali yake ya maisha. Haikusema kwa kadiri ya hali ya baba mkwe. Nenda Keko, mzee. Tazama kijana anaamka saa ngapi, analipa vibarua wake vipi, analewa au halewi, wenzake wanamwamini au hawamwamini. Maranda hayamuui mtu, mzee wangu. Ukirudi bado una wasiwasi, huo utakuwa wasiwasi wa mtu aliyeona.

Binti yangu, kazi yako ni ngumu kuliko ya mchumba wako, kwa sababu desturi zetu zinamzoea mume mwenye kipato kikubwa na mke mwenye kidogo, na wewe unakuja kinyume. Siku mtakayokorofishana, usije ukamtajia mshahara wako. Neno hilo likishatoka halirudi. Mchango katika nyumba haupimwi kwa mfuko tu. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitamka hivyo mwaka 1983, katika shauri la Bibi Hawa Mohamed na Ally Sefu, iliposema kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Mke asiye na mshahara alitambuliwa mchango wake. Mume mwenye mshahara mdogo naye autambuliwe wa kwake. Na kabla hujaolewa, nenda ukalale siku mbili tatu kwa mama mkwe wako. Usiende na zawadi nyingi. Nenda ukaulize maji yanatekwa wapi.

Nawe fundi, kijana wangu, sasa swali lako la pili. Usiuze mashine.

Nasema tena, na ningeweza ningesema mara ya tatu: usiuze mashine. Mashine hiyo ndiyo jibu lako kwa baba mkwe. Siku ukiiuza, neno lake la maranda linakuwa kweli, maana utakuwa huna tena hata maranda. Ukumbi utajaa saa sita, wageni watakula, watacheza, watapiga picha, na kesho yake hakuna hata mmoja atakayekuja Keko kukuuliza unapasua mbao kwa nini. Mkeo ataanza ndoa na mume aliyeazima mashine ya jirani. Na kubwa zaidi, utakuwa umeanza ndoa kwa kujifanya mtu ambaye si wewe, na kazi ya kujifanya haina likizo. Mimi niliifanya miaka miwili, ikanichosha kuliko kazi nyingine yoyote niliyowahi kuifanya.

Mahari nayo ipangwe na wazee kwa uwezo wako. Lipa kidogo kidogo kama mtakavyokubaliana. Sheria haikuifanya mahari kuwa sharti la uhalali wa ndoa. Ni heshima kwa wazazi, na heshima haikopeshwi kwa riba. Fanya harusi ya uwezo wako, uani, kwa pilau. Lakini waalike wote: mafundi wenzako, vibarua wako, mama lishe anayekukopesha wali mwisho wa juma. Wakae kwenye viti sawa na ndugu wa mchumba wako. Kama viti havitoshi, wewe ni seremala.

Halafu mjue mkwe anayesema kwa hofu na mkwe anayesema kwa dharau. Mwenye hofu ukimwonyesha kazi yako, siku moja atakaa. Mwenye dharau hata ukimfanyia harusi ya juma zima, atatafuta kasoro kwenye soda. Huyo wa pili msalimie kwa adabu, mpe haki yake ya ukwe, na uendelee na kazi yako. Usimfuate na mfuko wako.

Ndugu msikilizaji, muda wangu umekwisha, fundi mitambo ananionyesha saa kupitia kioo. Wanawake wa upatu wa Mama sasa wamebaki watano. Mwaka jana tuliwaalika nyumbani wote, wakakaa sebuleni. Niliwaomba radhi, mmoja mmoja. Mkubwa wao aliniambia, "Mwanangu, kadi ya harusi hatukuipata, lakini redio tulikuwa nayo." Wakacheka wote, nami nikacheka, ingawa haikuwa rahisi.

Kama jioni hii mmeiwasha redio hapo kwenye kikaango, shikamooni mama zangu. Fundi wa Keko, nakutakia heri. Tukijaaliwa tukutane juma lijalo, siku na saa kama hii. Usiku mwema.